Bwana Darcy ana ng'ombe wangapi?

Jioni moja ya mwezi wa sita, upepo wa Dodoma ukitikisa mabati, mama Neema alipita kwangu Nkuhungu kuazima kiberiti akanikuta naangalia muvi. Alisimama mlangoni, khanga ameivuta hadi masikioni kwa baridi. Kwenye skrini kulikuwa na ukumbi, vijana wamejipanga mistari miwili wanacheza, na pembeni mwanaume mrefu amenuna kama aliyeletwa kwa nguvu. Wanawake wakawa wananong'onezana. Mama Neema akauliza wanasema nini, nikamtafsiria: yule aliyenuna anaingiza pauni elfu kumi kwa mwaka.

"Ndiyo ng'ombe wangapi?"

Hadithi hiyo nilikuwa nimeshaitazama zaidi ya mara kumi, katika matoleo manne tofauti, na sikuwahi kujiuliza. Nikabonyeza isimame. Kiberiti hakikuondoka usiku ule, wala aliyekuja kukiazima.

Niseme wazi ugonjwa wangu, maana makala hii inatoka humo. Mtoto wa dada yangu anayesoma UDOM alikuja Jumapili moja kula ubwabwa, akaniachia flashi. Ndani yake, katikati ya sizoni za Kikorea na za Kituruki, kulikuwa na Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1813, ikiwa imeigizwa na BBC mwaka 1995 kwa sehemu sita. Nilianza saa mbili usiku nikamaliza karibu na adhana ya alfajiri, nikaenda kazini Mtumba na macho mekundu kama niliyekesha msibani. Wiki iliyofuata nikaitafuta filamu ya 2005 ya hadithi hiyo hiyo. Kisha ya 1940. Kisha ile ya 2004, Bride and Prejudice, ambayo Gurinder Chadha aliihamishia Amritsar, India, na Aishwarya Rai akawa binti mwenye maneno makali. Hapo nikajua nimekwisha. Mtu mwenye akili zake haangalii hadithi moja mara nne ili aone kama safari hii kijana atakubaliwa.

Wenzangu kwenye basi la wafanyakazi wana maelezo mepesi: wanawake wanapenda wanaume warefu wenye mabuti. Sikatai, mabuti yamo. Lakini wanaume warefu wamejaa kwenye sizoni nyingine zote na hakuna hata moja iliyonirudisha namna hii. Swali la mama Neema ndilo lililonifungulia fundo. Hadithi hizi ni za hesabu, tena hesabu kali. Wasomaji wa kwanza waliijua kichwani kama sisi tunavyojua bei ya gunia la mahindi sokoni Majengo. Filamu ama inadhani nasi tunaijua, ama inaona haya kuitaja, basi inatuachia macho na magauni, na sisi tunabaki kuhisi kwamba kuna jambo zito linaendelea bila kulishika.

Tuipige basi. Bwana Bennet, baba wa mabinti watano, shamba lake linamletea pauni 2,000 kwa mwaka. Bwana Bingley, kijana aliyepanga nyumba kubwa ya jirani, amerithi karibu pauni 100,000, nazo zinamzalia elfu nne au tano. Darcy, yule mnunaji, ana 10,000. Yaani ana mara tano ya mzee Bennet, na mzee mwenyewe si maskini: ana farasi, ana mpishi, ana chumba kizima cha vitabu anakojificha akichoka na kelele za mkewe. Sasa mtazame Elizabeth, binti wa pili. Fungu lake ni pauni 1,000 zilizowekwa kwa faida ya asilimia 4, na hazigusi mpaka mama yake afariki. Ndiyo pauni 40 kwa mwaka, siku moja, Mungu akipenda. Hesabu hiyo tunaipata mdomoni mwa kasisi Collins, ndugu yao, anayeitaja katikati ya posa yake akidhani anamliwaza binti kwamba hatamsimanga kwa uchache wake.

Hapo mama Neema alinishika mkono. "Subiri kwanza. Pesa anakuja nazo binti?"

Ndiyo. Na nadhani mtazamaji wa kwetu asipoelezwa hili ataangalia hadithi nzima kichwa chini. Katika tabaka lile la Waingereza, mali ilitoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa mume. Kwa Wagogo, kama kwa makabila mengi ya hapa kati, ng'ombe wanatoka upande wa kijana kwenda upande wa binti. Mwenye mabinti watano Ugogo hutaniwa kwamba ajenge zizi jipya. Mama Bennet mwenye mabinti watano anadaiwa mara tano, na hana cha kulipa.

"Wanamtoa mtoto, halafu wanamwongezea na ng'ombe?" Mama Neema alicheka hadi akafuta machozi kwa pindo la khanga. Halafu akaacha ghafla. "Ndiyo maana yule mama anahangaika vile."

Mimi nilikuwa nimemcheka mama Bennet miaka yote. Waigizaji wote humfanya mpayukaji, mwenye mishipa ya fahamu inayomsumbua kila anapokosa anachotaka, na kitabu chenyewe kinamcheka. Lakini kuna jambo la shamba. Longbourn, nyumba yao, imefungwa kisheria kwa uzao wa kiume. Mzee akifa, mke na mabinti wanatoka, Collins anaingia. Uongeze na hili: hadi sheria za 1870 na 1882 zilipoanza kubadilisha mambo, mali ya mwanamke aliyeolewa Uingereza ilihesabiwa kuwa ya mumewe. Basi katika nyumba ile ni mtu mmoja tu anayepiga hesabu ya kesho, naye ndiye tunayemcheka.

Mama Neema hakuhitaji nimfafanulie zaidi. Mumewe alipofariki, shemeji zake walifika kuhesabu mashina ya zabibu kule Hombolo kabla arobaini haijafika. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume. Lakini Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, kwa makabila yanayohesabu ukoo kwa baba, linamweka binti daraja la tatu la urithi, nyuma ya kaka zake. Watu wa ukoo huwa hawaendi na sheria ya 1999 mkononi. Kwa hiyo bwana Bennet alipotokea kwenye skrini akitania mkewe kutoka kwenye kiti chake cha kusomea, mama Neema aliiambia TV: "Huyu mzee anacheka nini?"

Kwa hiyo anapokuja Darcy kuposa akakataliwa, kinachokataliwa ni mara tano ya baba, ni paa la mama mzazi na dada wanne. Binti wa miaka 20 mwenye pauni 40 za mbeleni anamwambia hapana mtu wa 10,000 kwa sababu amemdharau. Ukiwa na hesabu kichwani, tukio hilo linakupandisha nywele. Bila hesabu, ni watu wawili wanaogombana kwa Kiingereza kizuri.

Fundo lingine linahusu sauti, na hapa ndipo uraibu wangu uliponoga, maana hapa matoleo yanatofautiana kweli kweli. Kitabu cha Austen kinasimuliwa na mtu asiyeonekana anayesengenya. Sentensi yake ya kwanza inasema ni ukweli unaokubalika ulimwenguni kote kwamba mwanaume mseja mwenye mali nyingi lazima awe anatafuta mke. Anajua, nawe unajua, kwamba wanaotafuta ni wenye mabinti. Sasa kwenye filamu hiyo sentensi utampa nani? Msengenyaji hana uso. Mfululizo wa 1995 uliamua Elizabeth aiseme mwenyewe, kwa mzaha, na mara moja ikawa kauli ya msichana mcheshi badala ya sauti ya kijiji kizima kinachojicheka.

Au chukua hiyo posa ya kwanza, iliyo kwenye sura ya 34. Katika kitabu Darcy anapewa maneno machache tu ya kuanzia. Kisha msimulizi anamnyang'anya kauli na kutufupishia: alizungumza vizuri, lakini hakueleza mapenzi peke yake, alieleza pia aibu ya kuoa chini. Matusi hatuyasikii, tunaambiwa kwamba yalikuwapo. Mwandishi wa mswada wa 1995, Andrew Davies, hakuwa na uhuru huo. Mwigizaji akifungua mdomo lazima atoe maneno, kwa hiyo Davies aliketi akayatunga matusi ambayo Austen alikwepa kuyaandika. Mwaka 2005 mwongozaji Joe Wright akawatoa wote wawili nje ya sebule, akawasimamisha chini ya nguzo za mawe mvua ikimwagika. Watu wanaokipenda kitabu wanailaumu ile mvua. Mimi nimekulia Dodoma, ambako tangu Mei hadi Novemba unaweza usione tone. Mtu akinifuata kwenye mvua kuniambia ananipenda, walau mvua nitaiheshimu.

Posa ya pili ni ya ajabu zaidi. Baada ya sura na sura za kusubiri, Darcy anauliza tena, na jibu la Elizabeth halimo. Msimulizi anasema tu kwamba alimweleza kuwa hisia zake zimebadilika sana, basi, tunaendelea na matembezi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunua ukurasa nyuma nikidhani umechanika. Halafu nikakumbuka posa za kwetu, ambapo mshenga ndiye anayesema, barua ndiyo inayosema, na binti anaulizwa mbele ya wazee "huyu unamjua?" akaangalia chini, kila mtu akaelewa. Austen alimsitiri bintiye hivyo hivyo. Kamera haiwezi. Lazima uso uonekane, na uso ukionekana tunadai neno.

Kwa kuwa filamu imepoteza yule msengenyaji, inalazimika kutafuta mwili wa kusema kwa niaba yake. Mwaka 1995 Darcy, akiigizwa na Colin Firth, anajitupa kwenye bwawa la shambani kwake na kutoka na shati lililolowa, akakutana na Elizabeth uso kwa uso. Hakuna bwawa hilo kwenye riwaya. Bado lilishika watu kiasi kwamba mwaka 2013 iliwekwa sanamu ya Darcy, zaidi ya mita tatu na nusu, ikichomoza kwenye maji ya Serpentine jijini London; sanamu ya jambo ambalo mwandishi hakuliandika kamwe. Mwaka 2005 walichagua kitu kidogo zaidi. Darcy, safari hii Matthew Macfadyen, anamshika Elizabeth mkono kumpandisha kwenye gari la farasi, hana glavu. Anageuka kuondoka. Kamera inashuka mkononi: vidole vinatanuka vyote vitano, vinakaza, vinaachia. Ni kama sekunde mbili. Nimezirudisha mara ngapi sisemi. Mama Neema alizielewa bila tafsiri. Alisema tu, "Ameungua," akaendelea kuchambua mchicha.

Hapo unaona kwa nini mtu anarudia. Mtoto anayeomba "nisimulie tena ile ya Sungura na Fisi" anajua Sungura atashinda; anataka kusikia bibi atafikaje. Nami nikishajua mwisho, macho yanakuwa huru kuangalia mkono. Na kila toleo jipya ni bibi mwingine. Kazi ya mfasiri wa muvi ninaiheshimu zaidi tangu usiku ule wa kiberiti. Wale waliokulia kwenye mabanda ya video wanamkumbuka Lufufu, jinsi alivyoweza kuifanya filamu ya Hong Kong iwe ya uswahilini. Jaribu mwenyewe kumtafsiria jirani posa ya Darcy kwa Kiswahili huku ikiendelea. Utagundua umeshachagua: atamwita "wewe" au "bibie"? Utaficha dharau au utaikoleza? Kila anayeihamisha hadithi, hata sebuleni Nkuhungu, anaisimulia upya.

Kwa nini watayarishaji nao hawachoki, jibu lake ni fupi na ni la pesa. Austen alifariki mwaka 1817. Hakuna wa kulipwa haki ya kazi yake, na jina lake linauza. Yeye mwenyewe haki ya Pride and Prejudice aliiuza kwa mchapishaji kwa pauni 110. Mtu aliyemtunga bwana wa 10,000 kwa mwaka alichukua 110, mara moja, akaishia hapo, na jina lake halikuwekwa kwenye jalada. Tangu mwaka 2017 sura yake iko kwenye noti ya pauni 10 ya Uingereza. Mama Neema nilipomwambia hilo alisema ndugu wa mume nao wangeweza kuweka picha yake ukutani, haiwagharimu kitu.

Usidhani haya ni ya Waingereza peke yao. Waliokulia na filamu za Kihindi wanamjua Devdas: riwaya fupi ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa mwaka 1917, ikapigwa filamu mwaka 1935, 1955, 2002, na nyingine katikati na pembeni. Ile ya 2002 ya Sanjay Leela Bhansali inawachezesha pamoja Paro na Chandramukhi, Aishwarya na Madhuri, bangili zikilia, wimbo ambao harusi nyingi za mjini zimeshaucheza. Kitabuni wanawake hao wawili hawachezi pamoja hata kidogo. Na Wuthering Heights ya Emily Brontë, ya 1847, ilipopigwa filamu mwaka 1939 walikata karibu nusu ya pili yote, ile ambamo mhusika mkuu, Heathcliff, anahamishia chuki yake kwa watoto. Ukikata hapo unabaki na mapenzi. Ukiacha, una mtu anayelipiza kisasi kwa shamba na mirathi, kitu ambacho baraza la kata lolote lingekitambua.

Kuna kinachokatwa ambacho kinaniuma zaidi. Katika Mansfield Park, ya 1814, utajiri wa nyumba ile kubwa una mzizi mwingine huko Antigua, kwenye mashamba ya visiwa vya watumwa. Kitabu kinagusa na kupita. Patricia Rozema alipoitengeneza filamu yake mwaka 1999 alilichimbua suala hilo akaliweka mbele ya kamera, na wapo waliomlaumu kwa kuharibu penzi. Sisi tunaoishi kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ambako watemi wa Ugogo walidai hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kunywa maji, tuna haki ya kuuliza pesa ya bwana harusi imetoka wapi. Kuuliza hakujanipunguzia kupenda, ila sasa nikiona jumba lenye madirisha mia, nahesabu.

Na ya kwetu? Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999, imeshapigwa filamu na Amil Shivji. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa mzee Raza, anatoroka ndoa na kukutana na Denge, mpinga ukoloni. Riwaya ni ndefu, imejaa watu na vituko. Filamu ni ya kama saa moja na nusu, nayo inachagua moshi, maji, nyuso na kimya. Niliitazama nikiwa na kitabu mapajani, nikigomba. Ilikuwa raha tupu. Nikatamani ipate bahati ya Austen: aje mwingine baada ya miaka kumi aipige upya, kwa sehemu sita, tugombane upya.

Tuligombana kweli, mimi na yule mpwa wangu, kuhusu filamu ya 2005. Yeye anashikilia kwamba inaisha kwa Elizabeth na Darcy usiku kwenye nyumba yao, taa zinawaka, anambusu na kumwita Bibi Darcy tena na tena. Mimi nikasema umeota. Inaisha na mzee Bennet. "Ma'mdogo, nimeiangalia jana!" Nami nilikuwa nimeiangalia juzi. Tukawekeana dau la chipsi kuku. Kumbe wote tulikuwa sahihi: watazamaji wa Marekani waliongezewa busu, wa Uingereza wakaachwa bila. Flashi yake ilikuwa na nakala ya Marekani, yangu nilikuwa nimeipata kwingine.

Tukaziangalia zote mbili Jumamosi, mama Neema akiwa mwamuzi. Busu aliliangalia mara moja akasema wameshaoana, si wakalale. Kisha nikaweka ile nyingine. Elizabeth anamwambia baba yake kwamba anampenda yule mnunaji, mzee analia kidogo, anatoa ridhaa, binti anatoka mbio. Mzee anabaki peke yake kwenye chumba chake cha vitabu na kusema maneno yaliyomo pia kwenye riwaya: wakija vijana kumtaka Mary au Kitty, mabinti waliobaki, waingie tu, ana nafasi. Anacheka. Skrini inakuwa nyeusi.

"Anacheka tena," mama Neema akasema, akitafuta kandambili zake gizani. "Na shamba bado ni la Collins."